Gauni Jeupe na Maji ya Kisima

Saa mbili asubuhi, uani kwake, Mama Povu amepiga magoti mbele ya beseni na hathubutu kuingiza mikono. Gauni lililokuwa jeupe pepe limegeuka rangi ya chai. Mwenyewe atalifuata saa nane mchana.

 

Jina la Mama Povu alipewa na majirani, kwa sababu povu la sabuni yake huwafikia mlangoni kabla ya salamu zake. Ana miaka kumi na mmoja ya kuwafulia watu hapa nyumbani. Wino, mafuta, jasho la kwapani, vyote anavimudu. Lakini hili ni gauni la harusi, pamba tupu, na alilishona mama wa bibi harusi kwa mkono wake. Mama huyo ni marehemu. Hakuna wa kushona jingine.

Kosa lilianzia bombani. Maji yamekatika tangu juzi, naye akachota ya kisima cha jirani, akatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe kama afanyavyo siku zote. Hakujua kwamba maji yale yana kutu, na kwamba dawa ndiyo inayoibandika kutu hiyo kwenye kitambaa. Sasa ameshika chupa aongeze nyingine.

Anayemzuia ni mama mkwe wake, dobi mstaafu, anayetoka chumbani akijikongoja na kunusa beseni.

"Mwanangu, ukiongeza umelizika," anamwambia. "Toa dawa yote kwanza, isibaki hata harufu. Kutu hutolewa kwa ndimu, na ndimu ikikutana na dawa hiyo, hewa yake itatumaliza humu uani."

Wanamwaga. Wanasuuza mara nne kwa maji ya kunywa, mpaka mitungi ya nyumba nzima inabaki mikavu. Ndipo wanapaka ndimu na chumvi, wakijaribu kwanza pindoni, kisha gauni linaanikwa juani. Saa nzima inapita, hakuna kinachobadilika. Mama Povu anakwenda kambani na kurudi, kambani na kurudi. Anapewa chai, anaitazama rangi yake, anaisukuma kando.

Kufika adhuhuri weupe umerudi, isipokuwa alama moja pindoni, ndogo kama ukucha.

Angeweza kunyamaza. Bibi harusi anapofika, Mama Povu anamfunulia pindo mwenyewe na kumweleza yote tangu kisimani. Binti anainama, anaangalia kwa muda mrefu.

"Mama, wala nisingeiona," anasema. "Sasa siku nzima ya harusi nitakuwa natazama chini."

Analipa, analibeba gauni lake, anaondoka. Hasemi kama atarudi.

Wiki mbili zimepita. Mama Povu amepanga kununua pipa lenye mfuniko, la maji ya bomba, kwa ajili ya nguo nyeupe peke yake. Mpaka hapo, kila asubuhi anachota glasi moja ya maji, anatonesha dawa, anaiweka dirishani na kusubiri. Yakibaki maangavu, anafua. Yakigeuka, nyeupe za watu zinangoja. Majirani wanamcheka kwamba siku hizi anapiga ramli.

"Wacha wacheke," anasema, macho dirishani. "Glasi naiogopa. Lakini beseni naliogopa zaidi."