Figo ya Maimouna

Dokta Hippolyte alizaliwa Kirungu, akasomea magonjwa ya kuambukiza Lubumbashi, kisha akarudi huku Kalemie wakati wenzake wote walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Mimi, Monique, ni muuguzi wake mwaka wa kumi na moja sasa. Wagonjwa wetu ni wale ambao miili yao imeishiwa kinga: wa ukimwi, wa saratani, na tangu mwaka juzi Papa Alfani, muuza vitenge, aliyepandikizwa figo India.

Figo ile alipewa na dada yake, Maimouna. Ili mwili usiikatae, Alfani alipaswa kumeza vidonge vya kupunguza kinga, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Dokta alimwonya: achemshe maji, asilale matangani, akipata homa aje mbio. Alimwonya mpaka mimi nikachoka kusikia. Jambo moja hakulitaja, maana nani angelifikiria?

Mwezi wa nne Alfani alikuja na miguu imevimba. Nyuma yake alikuwa Maimouna mwenyewe, na homa, na kikohozi, na utando mweupe mdomoni. Mdomo kama ule tunauona kwa watu wa ukimwi. Dokta akampima, hana. Akarudia, hana. Ndipo akauliza wanameza nini nyumbani.

"Dawa yangu, Dokta," Alfani akajibu bila wasiwasi. "Ya asubuhi ninameza miye, ya mangaribi ninamupatia dada. Tulipasuliwa siku moja. Yeye alikuwa anachoka sana, nikaona haya kumeza peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana."

Kwetu mtu hali huku ndugu yake anamtazama. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kushika vidonge hivi. Nilitaka kumpiga kofi Alfani, Mungu anisamehe, na papo hapo nilitaka kulia. Nusu aliyobaki nayo haikutosha kuilinda figo, na nusu aliyotoa ilimwondolea dada yake kinga.

Maimouna tulimponya kwa wiki tatu. Figo ya Alfani ilikuwa imekwisha kufa. Mashine ya kusafisha damu iko Lubumbashi, na ni ya kila wiki, si ya safari moja. Dokta alipiga simu kila mahali, hata kwa watu aliogombana nao shuleni. Alirudi wodini akakaa kitandani kwa Alfani, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona akikaa kwenye kitanda cha mgonjwa.

Maimouna akaja akasimama mbele yake.

"Dokta, miye ninabakia na moja. Mumupatie."

"Mama, hiyo moja njo inakufanya uishi."

Maimouna akamtazama kaka yake.

"Basi muikate katikati," akasema. "Tutagawana."