Mama aliposikia rubani "ameweka free" juu ya Mbeya

Wakuu, habari za huko mliko. Hii si chai, ni kisa cha kweli. Mhusika ni mama yangu mzazi na mimi nilikuwa siti ya pembeni yake.

Mama ni mtu wa Ilula, kauza nyanya barabarani miaka mingi, siku hizi yuko kwangu Ilomba, hapa Mbeya. Jicho la kulia halioni tena, la kushoto lilibaki ukungu mtupu. Madaktari wakasema operesheni ifanyike Dar, haraka, na presha yake ikipanda hawamgusi.

Kusafiri kwa basi alikataa katakata. Basi lazima lishuke mteremko wa Kitonga, na Kitonga ndiko alikofia baba.

Baba alikuwa dereva wa lori. Aliweka free mteremkoni abane mafuta, yaani gia imetoka, gari linajiendea lenyewe. Breki zikagoma.

Ikabidi twende kupanda ndege uwanja wa Songwe. Na mimi ilikuwa mara ya kwanza, najikaza kisabuni tu. Mkanda nimeushikashika mpaka dada wa ndege akaniuliza kama una shida.

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, injini zinaunguruma kweli kweli. Mama katulia. Mara mlio ukashuka.

Mama akanidaka mkono. "Mwanangu, huyu ameweka free!"

Kwa sauti, wakuu. Watu wakageuka. Nami nilikuwa nimeusikia, jasho linanitoka, nawaza presha, nawaza jicho. Niliogopa sana.

Siti ya nyuma alikuwepo mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa pale mjini, husafiri kufuata mzigo. Akainama mbele.

"Hapana, mama. Wakati wa kupanda anakanyaga mafuta sana. Akishapanda kidogo anapunguza. Kawaida yao hiyo."

"Na injini zikizima?"

"Ndege ikienda mbele, hewa inapita kwenye mabawa, inaibeba. Zikizima inateleza mbali tu, rubani anatafuta pa kutua. Haidondoki kama jiwe."

Mama akamgeukia. "Kwa hiyo hii hata ikiwa free, inabebwa."

"Ndiyo, mama."

"Lori halikuwa na wa kulibeba," akasema, akaniachia mkono.

Hospitali wakampima presha, ikawa sawa. Akafanyiwa operesheni.

Wakati wa kurudi aling'ang'ania siti ya dirishani. Tunakaribia Songwe, mlio ukashuka tena, mimi nikashika kiti kwa mikono miwili. Yeye kalikodolea bawa macho.

"Tulia. Ameweka free huyo," akasema. "Baba yako angeipenda hii."

Nilichojifunza: usimpeleke mtu kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui, na ukiogopa, uliza.

Sasa mnaojua ndege nisaidieni. Vile vibati vya nyuma ya bawa vinavyofunguka wakati wa kutua, kazi yake nini hasa? Mama aliviona kwa jicho lake, na kwa maswali yake hanipi nafasi ya kupumua.