Miguu Chini ya Leso

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkiingia kwa bibi zenu mnatazama uso. Mkiona amepakwa mafuta na kufungwa leso safi, mnasema anatunzwa. Mimi nitawaambia habari za miguu.

Miaka ya hamsini nilikuwa nimeolewa Ozi. Mto ulipofurika ukarudi, nilipanda mtumbwi hadi Idsowe kumtazama mama yangu, aliyekaa kwa kaka yangu. Homa ya masika ilikuwa imemwacha, lakini hatembei. Walisema ni uzee. Yeye alitaka jambo moja tu: ateremke mwenyewe mtoni, aone kama maji yamemwachia mpunga wake.

Nikaketi kando ya kitanda. Kulikuwa na harufu.

"Mama, hebu toa miguu."

"Ya nini? Unataka kuiposa?"

Mke wa kaka yangu akasimama mlangoni, mwiko mkononi. "Wifi, umekuja kunikagua? Uji anakunywa. Nguo nafua. Mchanga wa kutayamamu namletea kila swala."

Hapo nikaelewa. Tangu homa, mama aliruhusiwa kuacha maji ya udhu. Anapiga mchanga kwa viganja, anapangusa uso na mikono, basi, anaswali ameketi. Mchanga haufiki miguuni. Homa ikaisha, mchanga ukaendelea. Wote walimwona safi, anaswali, na miguu hakuna aliyeiosha.

Nikafunua leso. Kucha zimepinda zikaingia nyamani. Nyayo zimejaa funza.

Mama akageukia ukuta. "Mnatoka shamba mmechoka," akasema. "Niwaongezee na hii?"

Wifi akaweka mwiko chini, akaenda kuchemsha maji. Tukalowesha, tukakata, tukatoa funza kwa sindano, mama akitufokea, "Chinjeni basi, mle!" Kila asubuhi kazi ile ile, kila jioni ile ile, mpaka mgongo ukaniuma kama wa mlimaji. Vidonda vikapona. Vidole vingine havikukunjuka tena. Kwa fimbo alifika mlangoni. Mtoni hakufika. Wifi alimletea suke moja la mpunga, mama akalishika tu.

Niliporudi Ozi niliwakusanya watu wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo. Sikuwaeleza mengi, nilikuwa nimechoka. Niliwaambia: "Mgonjwa wa nyumba hii akitayamamu, Mungu amemruhusu. Nyinyi sikuwaruhusu. Leteni beseni, funueni miguu, osheni mpaka katikati ya vidole. Ndipo mmpe uji."