Kipande cha Tatu cha Tope la Kusini

Niliondoka Eldoret kwa sababu kukaa kulinishinda. Kila nikirudi nyumbani, mji ninaoutafuta si ule ninaoukuta. Uwanja tuliochezea tukiwa shule una maghorofa. Njia ya kwenda Ainabkoi kwa mama, ambayo zamani ilinuka matope na majani ya ng'ombe, sasa ina lami na taa. Ndugu zangu wanasema hayo ni maendeleo. Mimi huona kama nimeibiwa. Hukaa miezi michache nikinuna, halafu miguu huanza kuwasha. Nimepika katika hoteli, nimepika katika meli za mizigo. Kwa hiyo niliposikia kwamba meli ya watafiti inayotoka Cape Town kwenda kusini kabisa inahitaji mpishi msaidizi, nilikubali kabla mtu wa simu hajamaliza kueleza.

Asubuhi ya kuondoka nilipita Ainabkoi kuaga.

"Huko kuna watu?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Ni barafu tu."

"Sasa unaenda kumpikia nani?"

Cape Town meli haikukaa sana. Siku ya kupakia vyakula nilikuwa naitukana sufuria moja kwa Kiswahili nikasikia mtu anacheka mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka thelathini na kitu, amevaa buti za mpira.

"Hayo matusi ni ya Eldoret," akasema. "Mimi nimezaliwa mtaa wa Langas, huko huko."

Ndivyo nilivyomjua Daktari Akinyi. Wazazi wake walitoka upande wa Kisumu wakaja kufanya kazi kiwandani, wakamlea huku kwetu. Aliponiuliza jina nikamwambia aniite Mama Kip kama watu wengine.

"Mkalenjin? Wenzako wakikimbia hufika mwisho wakapewa medali. Wewe ulikimbia ukapitiliza."

"Na wewe ulisoma ukasoma mpaka ukaishia kwa matope."

"Matope ndiyo mambo yote, Mama Kip."

Tulipotoka bandarini, mawimbi yakaanza kututupa kama mahindi kwenye ungo. Kwa wiki moja hivi nilipika nikiwa nimejifunga kamba kiunoni. Akinyi alikuja jikoni kunywa chai, na hapo ndipo aliponieleza kilichomleta. Katika bahari ya kusini kuna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, inaitwa daiatomu. Kila mmoja umevaa ganda la kioo. Ukifa, ganda huzama na kulala kwenye tope la chini, na mengine huja kulala juu yake, miaka kwa maelfu. Kuna aina inayopenda kuishi kando ya barafu na kuna aina inayotaka maji wazi. Ukilitoa tope bila kulivuruga, ukaangalia ni maganda gani yamelala katika kila tabaka, utajua ni lini bahari ilifunikwa na barafu na ni lini ilifunguka.

Yeye alitafuta tabaka moja hasa, la wakati ule baridi kuu ya kale ilipokwisha. Alitaka kujua kama barafu ya baharini ilirudi nyuma polepole au kwa ghafla.

"Nani ana haja na hiyo habari?" nikamuuliza.

"Mtu yeyote anayetaka kujua barafu ya leo itafanya nini. Na mimi. Miaka yangu yote ya kusoma iko kwa hilo tope."

Tulipofika mahali penyewe, jua lilikuwa halizami tena. Lilizunguka tu, kama mtu asiyejua aketi wapi, na mimi nililielewa. Walishusha bomba refu la chuma lenye uzito juu yake, lidondoke na kuzama katika tope la chini. Mara ya kwanza lilipiga mawe likarudi limepinda. Mara ya pili wakafunga jingine, likarudi tupu, tope limeoshwa njiani. Upepo ulikuwa unasukuma barafu kuja upande wetu. Nahodha akasema, mara moja tu, kisha tunageuka.

Mara ya tatu bomba likaja limejaa. Hata sisi wa jikoni tulitoka kupiga kelele. Wakalivuta bomba la plastiki lililokuwa ndani yake, wakaanza kulikata vipande vya urefu wa mita moja kuanzia juu, na Akinyi akawa anachora kwenye kila kipande mshale unaoelekea juu. Kipande cha kwanza, cha pili. Wino ukagoma kwa baridi. Akaitia kalamu mdomoni kuipasha joto, na papo hapo meli ikainama. Kipande cha tatu kikateleza mezani, kikabingirika hadi ukingoni, kikagonga chuma na kugeuka.

Kilipookotwa hakikuwa kimevunjika. Lakini upande wa juu ni upi? Watu watano walikuwa pale na hakuna aliyeweza kuapa. Wakafunika mwisho mmoja kwa kifuniko chekundu na mwingine kwa cha bluu, ili isiwe vurugu zaidi. Kwa kulinganisha kina, hicho ndicho kipande kilichotarajiwa kuwa na lile tabaka lake.

Profesa, mzee mpole wa Kijerumani aliyeongoza safari, hakumgombeza. Alisema tu, "Tusipothibitisha, hakiingii katika kazi." Nyuma yetu barafu ilikuwa imeshafunga.

Mchana huo Akinyi hakugusa sahani. Baadaye akaja jikoni.

"Mama Kip, una vijiti vya kuchokolea meno?"

"Hujala kitu. Unachokoa nini?"

"Lete tu, tafadhali."

Nikampelekea maabara mwenyewe. Alitumia vijiti kuchukua tope kidogo sehemu nne: chini ya kipande cha pili, juu ya kipande cha nne, na ncha zote mbili za kile cha tatu. Kila tone akalipaka kwenye kioo chake chembamba. Ncha inayofanana na kipande cha nne ndiyo ya chini. Ila kama ncha zote mbili zingefanana, basi kipande kingekuwa kimepotea.

Alipokuwa anainamia darubini, Profesa akamshika bega. "Wewe unataka jibu. Macho yako yatalitafuta. Nitaangalia mimi, na hata mimi nisijue kioo kipi kimetoka wapi."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Akinyi akanionyesha kioo kipi kimetoka wapi, kisha nikawatoa nje. Nikabandika alama chini ya kila kioo, nikavichanganya, nikavipanga kwenye trei ya mayai. Nikawaita. Mimi peke yangu nilijua, na Akinyi alinikazia macho kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji la uso wangu. Nikaangalia dari.

Kioo cha kwanza. "Barafu," Profesa akasema. Hicho kilikuwa cha kipande cha nne.

Cha pili alikaa nacho muda mrefu. "Mchanganyiko. Barafu, na maji wazi kidogo." Kilikuwa cha ncha ya bluu. Nikawaza, huenda chekundu nacho kitakuwa mchanganyiko.

Cha tatu: "Maji wazi." Kipande cha pili.

Cha nne. Alikihesabu, akakisogeza, akahesabu tena. "Barafu. Barafu tupu."

"Mama Kip, sema!" Akinyi akapiga kelele. "Usisimame hapo kama mlingoti, sema!"

"Chekundu ni chini," nikasema. "Bluu ni juu."

Akakaa sakafuni palepale. Alipoinuka alikwaruza mshale kwenye plastiki kwa ncha ya kisu, akaukwaruza tena juu yake, halafu akaniuliza kama kuna wali uliobaki.

Kabla sijaenda kuupasha walinipa nafasi nichungulie. Daiatomu wa maji wazi ni wanene, wana mbavu kama ngazi. Wale wa barafu ni wadogo, wembamba kama makapi ya ngano. Kwenye kioo cha bluu nikawaona pamoja, bahari ikiwa katikati ya kufunguka.

Kurudi kulikuwa kwepesi, mawimbi yakiwa nyuma yetu. Cape Town tuliagana kwa kutaniana, na siku mbili baadaye nilikuwa Ainabkoi, mvua ya kupanda ikiwa imeanza.

Nilimsimulia mama yote. Akasikiliza akichambua mbegu.

"Kwa hiyo pale pale mahali pamoja," akasema, "kulikuwa na barafu, kukawa na maji?"

"Pale pale."

"Na hapakuondoka?"

"Hapakuondoka."

Nimetembea miaka mingi nikikasirikia mahali pa nyumbani kwa kubadilika nikiwa sipo, kana kwamba pangenisubiri. Kumbe hakuna mahali panaposubiri, hata chini ya bahari ambako hakuna mtu wa kupabadilisha. Sasa nikipita ule uwanja wenye maghorofa nasimama kidogo, naangalia watoto wanaocheza kwenye ngazi zake. Wao watapakumbuka hivyo.

Miguu bado inawasha, sitadanganya. Lakini mwaka huu nimebaki mpaka mahindi yaote.