Mafungu Mawili ya Diski

Shee wa Badi alizaliwa Mjambere na, kwa alivyojiona mwenyewe, Mjambere ilikuwa ndogo mno kwa uzazi ule. Shuleni alishika mkia, akasema walimu wanamwonea gere. Akapata kazi kwenye ghala moja la Changamwe, kuandika nambari za makontena yaingiayo, na kila alipoulizwa kazi yake alijibu, "Niko upande wa biashara ya kimataifa." Mwaka wa tisini na tatu akahudhuria kozi fupi ya kompyuta katika chumba kilichokuwa juu ya duka la viatu, akatoka na cheti chenye nakshi za dhahabu. Alikitundika sebuleni, juu ya picha ya babake, na tangu siku hiyo akaacha kuitika akiitwa Shee mtupu. Aliitika Mhandisi. Watu wa Mjambere hawana choyo na lakabu, wakampa. Hata muuza mahamri alimwita Mhandisi, kisha akageuka kucheka na karai lake.

Babake, mzee Badi, alikuwa na kompyuta. Aliinunua kwa ofisi ya mjini iliyokuwa ikifunga milango: mashine nzito kama sanduku la bibi harusi, rangi yake ya meno ya mtafuna tumbaku. Mzee mwenyewe hakuigusa. Aliyeigusa ni bintiye Kulthum, mdogo wake Shee. Ndiye aliyeitayarisha tangu mwanzo, akaipa diski ya ndani jina lake mwenyewe, akaanza kuandika humo nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake huimba harusini wakigonga pembe. Alizitoa kinywani mwa nyanya yao, Bi Dhahabu, ubeti baada ya ubeti, mpaka Bi Dhahabu akafa na nyimbo zake zikabaki ndani ya mashine ile. Pengine popote hazikuwako.

Hazikuwako kwa sababu ya Shee. Kozini alisikia kwamba kompyuta huambukizwa virusi kwa disketi. Mtu mwenye akili angechunga disketi zake. Shee aliuziba mdomo wa mashine, pale disketi inapoingilia, kwa plasta ya kidonda, ile pana ya hospitali, na juu ya plasta akatia saini.

"Nataka nakala ya nyimbo zangu, kaka," Kulthum alimwambia.

"Wataka kuilisha maradhi?" akamjibu, kwa upole wa mtu anayewahurumia wajinga.

Mwaka wa tisini na tano mzee Badi akafariki. Mama alikuwa ametangulia zamani. Nyumba na vyombo vikapigiwa hesabu, vikagawanywa bila kelele, ikabaki kompyuta. Maalim Khatibu, aliyesimamia mirathi, alisema neno la busara: iuzwe, au mmoja aichukue amfidie mwenzake. Shee hakutaka kuuza. Kufidia ndiyo kabisa.

"Mimi mwanamume, maalim. Nina mafungu mawili, yeye moja. Nitaigawa ndani."

"Ndani mna nini?"

"Mna nafasi."

Maalim akafunga daftari lake. "Nimegawa mashamba," akasema. "Nimegawa ng'ombe, nimegawa kisima. Nafasi sijapata kugawa. Lakini mhandisi ni wewe." Akavaa viatu vyake akaenda zake, na Shee akalihesabu hilo kuwa fatwa.

Diski ya kompyuta yaweza kukatwa vyumba viwili, kimoja kikaitwa C na cha pili D, kila kimoja kikawa kama diski mbali. Hayo Shee aliyakumbuka kutoka kozini. Alikumbuka pia jina la programu ya kukatia, fdisk. Hapo elimu ikamwishia. Kulthum naye alipanda hadi Port Reitz kwa Milcah, waliyesoma pamoja, ambaye sasa alikuwa akitengeneza kompyuta za ofisi moja karibu na uwanja wa ndege. Akarudi mbio.

"Kaka, Milcah asema usiiguse. Hiyo fdisk haigawi mali ya aliye hai. Huua kwanza, ndipo igawe. Jumamosi atakuja na programu nyingine, inayogawa vitu vikiwa palepale."

"Milcah yule wa bara?"

"Milcah yule wa kompyuta."

"Urithi wa babangu uje ugawanywe na mtu asiyejua hata kupika wali wa nazi?"

"Kaka, hatupiki."

Shee alifikiri juu ya jambo hilo kwa njia aliyozoea kufikiri, yaani hakufikiri. Alhamisi asubuhi, Kulthum alipokwenda sokoni, alivaa kanzu yake ya Idi, akafukiza udi mbele ya kibodi, akaketi wima kama bwana harusi, akaandika fdisk.

Kioo kikamletea jedwali. Diski ilikuwa chumba kimoja, C, na kando yake jina kwa herufi kubwa: KULTHUM. Shee alilitazama kama mtu aliyekuta kandambili za kigeni mlangoni pake. Akachagua kufuta. Mashine ikamwonya kwa Kiingereza kwamba vyote vilivyomo vitapotea. Maonyo Shee ameyaona tangu utotoni. Mjambere nyumba ngapi zimeandikwa Mbwa Mkali na ndani hamna hata paka? Akasonga mbele. Mashine, kwa kuwa aliyeiunda alijua dunia ina akina Shee, ikamtaka kitu kimoja zaidi: aandike jina la diski, ili ijue hakukosea.

Shee alielewa kwamba anaulizwa mwenyewe ni nani. Akaandika SHEE. Ikakataa. Akaandika SHEEBADI. Ikakataa. Akaandika MHANDISI, polepole, kuipa mashine nafasi ya kujirekebisha. Ikakataa tena. Kidole chake kikaelea juu ya K, kikarudi mapajani.

Kulthum akaingia na kikapu. "Waandika nini, kaka?"

"Mashine hii haina adabu. Yaniuliza mwenyewe ni nani, nami naiambia, yakataa."

Kulthum akasoma kioo. Kikapu kikamponyoka, ndimu zikaingia chini ya kochi. Nyanya yake alikuwa amening'inia kwa herufi saba, na herufi zenyewe zilikuwa mbele ya pua ya Shee, kubwa, za kumeremeta. Angeurukia mkono wake, Shee angeliandika kwa ukaidi. Angelia, Shee angeliandika ili amfundishe mwanamke kunyamaza. Akaja kusimama nyuma ya kiti.

"Basi andika jina langu, kaka," akasema, laini. "Yanijua mimi. Andika Kulthum, itakutii."

Shee akasimama, kanzu ikanasa kitini. "Niandike mwenyewe ni wewe? Na udi nimefukiza mimi?"

"Herufi chache tu. Hakuna atakayejua."

"Nife kwanza," akasema Shee, akaizima swichi ya ukutani.

Hivyo ndivyo Bi Dhahabu alivyookoka, kwa upumbavu wa mjukuu wake.

Jumamosi Milcah akaja. "Hii kitu mmeiziba mdomo ya nini?" akauliza.

"Si hii kitu," Shee akasema kutoka kochini. "Ni kitu hiki."

"Asante," akasema Milcah, akaibandua plasta pamoja na saini. Kwanza akazinakili nyimbo zote kwenye disketi. Kisha akaiamuru mashine ivisogeze vilivyomo vyote upande wa mwanzo wa diski, kama wageni wanavyosogezwa upande mmoja wa mkeka, vijiraba vikawa vinahama kiooni kimoja kimoja. Mkia wa diski ulipobaki mtupu, akaukata: theluthi ya mbele C, theluthi mbili za nyuma D. Akafungua nyimbo. Zilikuwako zote, hadi ule mchafu kuhusu mkwe.

"C ni yangu," Shee akasema. "Mkubwa ni mimi, herufi ya kwanza ni yangu."

Milcah akamtazama Kulthum. Kulthum alikuwa akiziokota ndimu ambazo tangu juzi hakuna mwanamume aliyeinama kuziokota.

"C ni uani, kaka," akasema. "Ndiko kwenye jiko na kazi. D ni barazani. Wanaume si hukaa barazani?"

Shee akatafakari, akaona kweli amestahiwa.

Mpaka leo mgeni akija huonyeshwa ile D. Jirani Faki alipoletwa kuitazama, mashine ilijibu kwamba hakuna faili hata moja.

"Mhandisi, mbona hamna kitu?"

"Waona upana wake lakini," akasema Shee.

Ila hawezi kuionyesha wakati wowote. Mashine huwakia upande wa C, na kwenye C Kulthum ametia neno la siri. Basi Mhandisi husimama mlangoni na mgeni wake, akakohoa kidogo, akabisha hodi ili apitishwe uani aende barazani kwake.