Samaki wa Plastiki

Juzi pale sokoni Chaka niliona samaki wa plastiki wa kuvulia akining'inia kibandani, mwenye mdomo bapa kama kijiko, nikaweka chini mifuko yangu ya viazi nimtazame. Baba alikuwa na mmoja kama huyo. Alimfunga kwenye kamba iliyozungushwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na Jumapili moja baada ya kanisa akanipeleka naye bwawani.

Shati lake lilinuka vitunguu, maana wiki nzima alikuwa akibeba magunia sokoni. Alirusha kamba, akavuta, na yule samaki akapiga mbizi. Kisha Baba akatulia. Kamba ikalegea, vyura wakaendelea na kelele zao. Akavuta tena, akatulia tena. Nilidhani amechoka, nikamhurumia.

"Baba, leta nikusaidie."

Nilivuta mbio mbio bila kupumzika, na kila mara samaki wa plastiki alirudi peke yake na matope.

"Ati unakimbizana na nani, mama?" Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Ukivuta, anazama. Ukitulia, anapanda polepole, na hapo ndipo wenzake wanapomuuma. Mimi sijachoka."

Akavuta kidogo, akatulia, na kamba ikakazika. Nikamwamini kabisa.

Sasa nimefika umri wake, na ni mimi ninayebeba mizigo.

"Umechoka, mama?" mwenye kibanda akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Naangalia tu samaki."