Magadi na Magado

Nilifika Isiolo juu ya magunia ya viazi. Lori lilitoka Molo kabla jua halijachomoza, tukapita Nyahururu mvua ikinyesha, tukakwama Timau kwa sababu ya springi iliyovunjika. Mimi na tanboi, msaidizi wa dereva, tulishinda pale tukiota moto wa matairi chakavu, tukila viazi vya mwenye mali bila idhini yake. Baada ya Timau barabara inateremka kama mtu aliyechoka kubishana. Mashamba ya ngano yakaisha, joto likapanda kutufuata. Nikavua koti, kisha sweta, kisha shati.

"Bado ngozi, mzee," tanboi akaniambia.

Wakati huo serikali za kaunti zilikuwa zimeanza, na miji iliyokuwa imesahaulika ilikuwa inajengewa ofisi. Ofisi zinataka rangi, na mimi ni mpaka rangi. Nilikuwa nimepaka Kitale, nimepaka Mwea, nimepaka Garissa. Kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kupakumbuka mahali nilikotoka kabla yake, kisha nikafungasha brashi zangu. Sijui ugonjwa huo unaitwaje. Nikiwa Mwea nililia ukungu wa Kitale. Nikiwa Kitale nililia jikoni kwa mama yangu Molo, na mama mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Chumba nilikipata kwa mjane mmoja Mborana, mwanamke wa makamo ya mama yangu kama angekuwa hai. Ua wake ulikuwa na vyumba vitatu: chake, changu, na cha tatu ambacho kilijaa shuka. Alikuwa akifua shuka za nyumba moja ya wageni pale mjini. Tangu kaunti ije, wageni walikuwa hawaishi, watu wa semina na mikutano, na kila aliyelala aliacha shuka mbili za kufuliwa. Alipoona nimeteremka kwenye lori na vumbi la viazi nyweleni, hakuniuliza jina. Aliniita Mtu wa Viazi, na nikabaki hivyo.

Mimi nilimwita Mama.

Mumewe alikuwa amezikwa Korbesa, upande wa Merti, na shemeji yake aliyeko huko alituma neno kila msimu: mjane arudi akae na watu wake. Yeye hakutaka.

"Kule nitapewa maziwa na heshima," aliniambia siku moja akikamua shuka, "na kila kitu niombe ruhusa. Hapa niko na shuka zangu. Naenda sokoni, narudi, hakuna mtu ananiuliza natoka wapi."

Kwa hiyo shuka zile hazikuwa kazi tu. Shuka zikiondoka, na yeye angeondoka, na alilijua hilo kuliko mimi.

Kisha sabuni ikapanda bei. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja wa kutoka upande wa Meru, alilipa kwa kila shuka, na sabuni ilikuwa juu ya mfuaji. Jioni moja nilimkuta Mama ameketi mbele ya karai, pakiti ya sabuni ya unga mkononi, anaitikisa kama mtu anayesikiliza kama kuna kitu kimebaki ndani.

"Nafulia sabuni sasa," alisema. "Sijifulii mimi."

Nikamwambia kwamba mama yangu alikuwa akijitengenezea sabuni ya unga nyumbani.

"Mama yako alikuwa na kiwanda?"

"Alikuwa na mkebe."

Nikamweleza. Mkebe wa mafuta ya kupikia unatobolewa kwa msumari kutoka ndani, matundu yanatoa meno nje, na juu ya meno hayo unakwaruza sabuni ya kipande. Makapi yake unayaanika, yakikauka unayatwanga, unachanganya.

"Unachanganya na nini?"

"Magadi."

"Magado?"

"Magadi."

"Ndiyo, magado. Nyinyi watu wa viazi mnaharibu kila neno."

Tukacheka wote wawili. Niliona ni ulimi tu, kama vile yeye alivyonicheka nikijaribu kusalimu Kiborana. Kesho yake mimi nilienda kupaka ukuta, yeye akaenda sokoni. Niliporudi alikuwa amekwisha kutwanga kila kitu kwenye kinu, na unga wa kijivu ulikuwa umejaa beseni. Magadi ya mama yangu yalikuwa meupe yenye wekundu kidogo. Nikajiambia haya hayakusafishwa vizuri. Basi.

Tulichanganya jioni ile, mimi nikigeuza kwa mwiko, yeye akipepeta. Vumbi la sabuni lilinipanda puani nikapiga chafya, na kwa kitambo kidogo nilikuwa Molo, mtoto mwenye shati moja la shule, mama akiniambia niondoe pua yangu kazini kwake. Sijui kama Mama aliniona nikifuta macho. Alisema tu, "Sabuni ya mama yako ni kali."

Ilifua. Shuka zilitoka nyeupe kiasi kwamba mwenye nyumba ya wageni alizishika ncha akazinyoosha juani.

"Wewe mama, umetumia nini?"

"Siri ya Molo," Mama akajibu bila kucheka.

Kitu kimoja tu kilinisumbua: povu lilikuwa dogo. Nililaumu maji ya Isiolo, kwa sababu maji ya chumvi hayapendi sabuni. Lakini Mama alifurahia jambo hilo. Maji aliyanunua kwa mitungi, yakiletwa na mkokoteni wa punda, na povu likiwa dogo hakuona sababu ya kusuuza mara mbili. Alisuuza mara moja, akakamua, akaanika. Alikuwa ameokoa sabuni, sasa anaokoa na maji. Alianza kuimba akifua. Kamba ya ndani ya ua ikawa haitoshi, akawa anaanika shuka nyingine nje, juu ya ua wa miiba ulio kando ya njia.

Njia hiyo ndiyo mifugo hupita kwenda mnadani.

Siku ya mnada nilirudi saa sita mchana kula. Nilichokiona, mpaka leo nikikisimulia, watu huniuliza kama nilikuwa nimetafuna miraa. Ngamia walikuwa wamejipanga kwenye ua wetu kama kwenye hori. Walikuwa wakila shuka. Walizilamba kwanza, kwa utaratibu, kutoka juu hadi chini, kisha wakazivuta na kuzitafuna. Mmoja alikuwa ameshameza nusu ya shuka, nusu iliyobaki ikimning'inia kama ulimi mrefu mweupe, na alikuwa ananitazama. Kilichonishtua zaidi ni ukimya. Hakukuwa na vurugu yoyote. Mataya tu, na kitambaa kikipasuka polepole.

Mama alikuwa amesimama langoni na beseni mkononi.

Ndipo nikapata miguu. Nikakimbia nikipunga shati langu la rangi, nikapiga kelele, na yule ngamia mwenye shuka mdomoni akasogea hatua mbili, akaendelea kumeza. Mchungaji akaja mbio kutoka nyuma ya kundi, mwanamume mwenye ndevu na kikoi, fimbo juu ya mabega.

"Usipige ngamia!"

"Wamekula shuka!"

"Ngamia hali shuka!"

"Huyo je?"

Alimtazama huyo. Alitazama shuka iliyobaki juu ya miiba, akaishika, akailamba. Nakumbuka uso wake. Alishtuka kuliko mimi.

"Magado," alisema. "Nani anatia magado kwa nguo?"

"Hiyo ni sabuni."

"Sabuni gani? Hii ni chumvi ya mifugo. Umewatandikia meza, wamekula, sasa unataka kuwapiga?"

Watu walikuwa wameanza kujaa. Mtu akamkimbilia mwenye nyumba ya wageni, naye akaja na kandambili zake, akiwa bado na kijiko cha jikoni mkononi.

"Ngai! Shuka zangu!"

"Mama, ni magado," mchungaji akaanza kumweleza.

"Mimi sijui magado, sijui meza. Mimi najua shuka. Wageni wanaingia leo jioni. Watalala juu ya nini, juu ya ngamia?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekwenda ndani, Mama nyuma yangu. Nilitia kidole kwenye gunia lililobaki pembeni mwa kinu, nikalamba. Ilikuwa chumvi chungu, yenye ladha ya udongo. Haikuwa ile ya mama yangu.

"Mama, hii ni nini?"

"Magado. Ile inatoka shimo la upande wa Nyambene, tunapatia mifugo. Si ndiyo ulisema?"

"Nilisema magadi."

"Sasa mimi nimesema nini?"

Tulikuwa tumeketi ua mmoja, tukicheka neno moja, na kila mtu alikuwa na kitu chake kichwani.

Tulipotoka tena nje, Mama alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji kudai haki. Alinyoosha kidole kwa ngamia aliyekuwa karibu, kisha kidole kikabaki hewani. Alikuwa ameona alama iliyochomwa shingoni.

"Hizi ngamia ni za nani?" aliuliza, sauti chini.

"Za mzee wangu. Tumetoka Korbesa."

Mama akavuta shungi lake usoni, lakini alikuwa amechelewa. Mchungaji aliinama kumtazama.

"Ayyo?" Hivyo ndivyo Waborana wanavyomwita mama, na mke wa ndugu ya baba ni mama. "Ayyo, ni wewe? Ni wewe unafulia watu shuka?"

Kule Korbesa walikuwa wakijua ana vyumba mjini na anakula kodi. Hawakujua zaidi. Watu waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Mwenye nyumba ya wageni mwenyewe akaanza kuokota vipande vya shuka kimoja kimoja, akivikunja, kana kwamba vingehitajika.

Kabla ya kuondoka alisema jambo moja: shuka zilipwe, la sivyo kazi ameichukua.

Shemeji alifika mwisho wa wiki hiyo, mtu mfupi mwenye ndevu za hina. Akasema salaam aleikum, akavua viatu, akaingia chumbani kwa Mama. Niliitwa baadaye nikaulizwe.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mpangaji."

"Watu wako wako wapi?"

"Waliobaki wako Molo."

"Hapa?"

"Hapa sina."

Aliitikia kwa kichwa. Nje lori alilokuja nalo kumchukua Mama lilikuwa limeegeshwa, turubai limefunguliwa nyuma, nami nilikuwa nimeshapanga moyoni jinsi nitakavyombebea Mama kitanda chake. Basi Mama aliposema, nilidhani nimesikia vibaya.

"Siendi," alisema. "Katika kundi lile kuna ngamia wa marehemu mume wangu. Ni wangu. Uza mmoja, ulipe shuka."

"Ngamia auzwe kwa sababu ya shuka za wageni?"

"Uza yule aliyekula nyingi. Yeye amekwisha kufaidi."

Mzee yule alijaribu kubaki na uso wa hasira, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Nikajua ameshinda, Mama ameshinda. Nami nikacheka. Ndipo shemeji akafuta macho na kusema kwa upole kabisa kwamba ni sawa, abaki mjini na kazi yake aifanye, si aibu. Lakini mjane na mwanamume asiye na watu hawawezi kukaa ua mmoja. Korbesa watasema nini?

Nilimgeukia Mama. Nilingoja amjibu kama alivyojibu mambo mengine yote. Alikuwa akitazama mikono yake, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji.

"Sawa," alisema.

Neno hilo moja. Nimeondoka miji mingi kwa miguu yangu, lakini sikuwa nimewahi kuondolewa, na sikuwa nimejua, mpaka dakika ile, kwamba kwa miezi yote ya Isiolo sikuwa nimekumbuka mahali pengine popote ila jikoni kwa mama yangu. Nilitaka kumkasirikia. Nilitazama shuka zilizobaki, zimekunjwa pembeni, nikashindwa. Alikuwa ameambiwa achague, akachagua kile alichokuwa ameniambia tangu mwanzo.

Aliomba kitu kimoja kabla sijaenda: nimwonyeshe magadi. Tulikwenda pamoja dukani kwa Msomali mmoja, nikaagiza. Muuzaji akatoa mabonge meupe yenye wekundu. Mama akachukua kijipande akakiweka ulimini, na macho yakamtoka.

"Hii ni ya tumbaku!"

"Ndiyo, wengine wanatafunia tumbaku."

"Kila siku nawaona wazee nayo mdomoni! Si ungesema ya tumbaku?"

Alinipiga bega palepale dukani. Alikuwa amekasirika kweli.

Asubuhi niliyoondoka alikuwa ameshafua. Povu lilikuwa limefurika karai likamwagika mpaka mlangoni kwangu, na nilitoka na mkoba wa brashi nikilikanyaga. Alikuwa amesuuza mara mbili, na mitungi mitupu ilikuwa imelala kila mahali. Shuka mpya zilikuwa juu ya miiba. Mbuzi wa jirani walipita, mmoja akanyoosha shingo, akanusa ncha ya shuka, akapiga chafya, akaenda zake.

"Umeona?" Mama akasema. "Hata mbuzi hawataki sabuni yako."

Nikamwambia kwaheri. Akasema niende na amani, na nikifika ninakoenda nijifunze kusema maneno vizuri. Nilipofika kwenye kona ya njia niligeuka. Alikuwa amenipa mgongo, mikono juu, akinyoosha shuka nyingine juani. Sikurudi tena Isiolo.